Mwana Asiyepiga Hodi

Jirani yetu mmoja alikuwa fundi wa kompyuta. Tulimwita Bingwa kwa sababu mwenyewe alijiita hivyo kabla yetu. Mama yake alipopooza upande mmoja, Bingwa alimwachisha kazi dada aliyekuwa akimwogesha, akaweka kompyuta yenye kamera mbele ya kitanda. Asubuhi anapita, anaacha chakula, huyo! Kisha akiwa ofisini anaingia kwenye kompyuta ile kutoka mbali, anamchungulia mama, anamfungulia redio. Ulezi wa kisasa, alisema. Ulezi gani? Hata kuku huendewa bandani.

Programu yenyewe ilikuwa na adabu kumshinda. Kila alipotaka kuingia, kidirisha kilimtokea mama kwenye skrini: mwanao anaomba kuingia, ruhusu au kataa? Mama alijifunika vizuri kwanza, kisha akabofya kwa mkono wake mzima. Bwana mkubwa akaona anapotezewa muda. Akaketi kuichonga upya programu ile: kidirisha akakifuta, kengele ya kumjulisha mama akaikata, alama ya kuonyesha kwamba kuna mtu anatazama akaificha.

"Sasa nitajuaje umekuja, baba?" mama aliuliza.

"Mimi mwanao, hodi ya nini? Kwani una nini cha kuficha?"

Mama alijivutia shuka hadi kidevuni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu wake alikuwa hajamaliza kumuuma.

Mchana mmoja, akiwa ofisini, Bingwa aliingia kwenye kompyuta ile kama kawaida yake, soda mkononi. Mama alikuwa ameketi kitini. Kitini! Mtu asiyeweza hata kujigeuza. Nywele zake zilikuwa zinasukwa. Fungu moja liligawanyika, likajipinda, likakaza. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Taratibu, baba," mama alinong'ona, akicheka. "Hapo panauma."

Bingwa akaharakisha kuangalia nani mwingine ameingia kwenye mashine ile. Alikuwemo mmoja. Jina lilikuwa la Bingwa mwenyewe. Mbele yake paliandikwa: ameruhusiwa. Lakini kidirisha cha kuruhusu si alikifuta kwa mikono yake?

Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Akasukuma mlango wa mama yake bila kubisha. Mazoea yana taabu. Chumba kilinukia sabuni. Shuka zilikuwa safi. Mama alikuwa bado kitini, kichwa kimesukwa kikapendeza.

"Nani kakusuka, mama?"

"Mwanangu."

"Mwanao si mimi?"

Mama alimtazama kama mgeni aliyekosea nyumba. "Wewe? Mwanangu hupiga hodi. Nikisema ngoja, anangoja."

Hapo ule mdomo wote ukamwisha. Alipiga magoti, akashika miguu ya mama yake. "Ni mimi, mama. Nitamrudisha dada. Nitahamia hapa, nitakuogesha mwenyewe. Usinikane." Alilia kwa kweli, maana sasa alijua anachopoteza. Alichelewa, zuzu yule.

Mlango ukagongwa.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya Bingwa mwenyewe.

"Hodi, mama."

Bingwa alitikisa kichwa. Usijibu, alinong'ona. Nakuomba. Usijibu.

"Karibu, baba," mama akasema.

Mlango ulipofunguka kilitokea nini, sisi majirani hatujui; tunajua yaliyofuata tu. Bingwa kahamia kwa mama yake pamoja na mkewe. Anampikia, anamwogesha, anamtoa nje kuota jua. Akikutana nawe anaanza yeye kukusalimia, na hajisifu tena. Tulipomuuliza mke wake kama mume yuko sawa, alitukata kauli: "Huyuhuyu ananitosha. Msiniharibie nyumba." Basi tukaenda zetu. Yule wa zamani nani amtafute, na kwa lipi?

Ila kioo cha kompyuta ile kina alama za viganja. Ni vya mwanamume, vimekandamizwa kama vya mtu anayesukuma. Waya wa umeme ulishachomolewa, na bado kila asubuhi alama zimeongezeka. Mke alizisugua kwa kitambaa na maji ya sabuni, hazikutoka. Ziko upande wa ndani. Mama akaagiza kompyuta ikawekwe stoo, uso wake ukielekea ukutani. Mwanawe akaibeba, akaifungia huko, akanawa mikono, akaja kumlisha.