Nilimfuatilia Mke Wangu kwa Miguu Wiki Tisa

Nilimwona kwa macho yangu mawili...

Mke wangu Gunnvor, wa ndoa ya miaka ishirini na sita, kakumbatiwa na jibaba la ndevu nyekundu, juu kabisa ya kilima, hadharani.

Mimi nimechutama nyuma ya pipa la taka, mvua ya huku kwetu Bergen, Norwe, imenilowesha mpaka soksi.

Naitwa Oddvar. Ngojeni niwaambie nilifikaje pale.

Kazi yangu ni ya kukaa. Nakaa ofisini, nakaa kwenye gari, nikirudi nakaa kwenye kochi. Hata dukani, hatua mia mbili tu, nilikuwa naendesha.

Kituo cha afya waliniita mara nne, sukari na presha. Sikwenda. Gunnvor alinisihi tuwe tunatembea jioni, nami kila siku namwambia kesho.

Kisha akaacha kunisihi.

Hapo ndipo nilipaswa kushtuka, wadau.

Akaanza kutoka peke yake kila saa kumi na moja jioni, kapaka rangi ya mdomo, ananukia. Nikimuuliza, anasema anapunga hewa. Kwa mvua ile?

Nikaamua kumfuatilia. Gari halikufaa, maana mtaani kwetu mlimani ni ngazi tupu. Siku ya kwanza nilifika ngazi ya arobaini, moyo ukataka kunitoka mdomoni. Akanipotea.

Kesho yake nikarudi. Wivu haujui uchovu.

Wiki ya pili nilimfuata mpaka kanisani. Wiki ya tano mpaka msituni. Mkanda nikautoboa tundu jipya, halafu jingine. Nikajua ni mawazo yananimaliza.

Wiki ya tisa ndiyo nikaliona jibaba.

Nikatoka mafichoni, ngumi nimekunja, nikamuuliza huyu ni nani.

Gunnvor akatazama saa yake.

"Dakika ishirini na mbili kutoka chini," akamwambia yule mtu. "Na wala hahemi."

Nikajisikiliza... Kweli, nilikuwa sihemi.

Jibaba lile ni Eskil, muuguzi wa kituo cha afya, ndiye aliyekuwa akiniita. Mpango wa kunitembeza ulikuwa wa Gunnvor. Eskil alimwelekeza tu namna ya kurefusha njia kidogo kidogo. Walikumbatiana kwa furaha, maana walikuwa wameniona kule chini napanda ngazi mbilimbili.

"Ulijua tangu lini kwamba nakufuata?"

"Siku ya kwanza. Ulivyokuwa unahema, mtaa mzima ulikusikia."

Nilikasirika, sifichi. Nikamwambia ameniumiza roho wiki tisa nzima.

"Na mimi miaka mitatu, Oddvar," akasema taratibu. "Kila ukisinzia kwenye kochi nasogea kusikiliza kama bado unapumua."

Nikakunjua ngumi.

Vipimo vyangu sasa vimeshuka, na jioni tunapanda wote. Bado kuna siku namnunia.

Wewe unayesoma hapa umekaa, ukiwa kwenye basi shuka kituo kimoja kabla ya kwako. Panda ngazi, lifti iache. Na kama kuna mtu nyumbani anakusihi utembee, nyanyuka naye leo, kabla hajachoka kukusihi.