Benki ya Maskati

Nyumbani kwa kina Ziada palikuwa na ndoo ya bluu ambayo haikuruhusiwa kukaa tupu. Kila asubuhi, kabla hajavaa koti na kuwahi treni, mama yake aliiweka chini ya bomba la bafuni, akaijaza mpaka juu, kisha akaifunika kwa sinia kuukuu. Na hapo ni Tumba, nje kidogo ya Stockholm, mwaka 2009, mahali ambapo maji hayakatiki. Ziada alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu azaliwe hakuwahi kufungua bomba likatoa upepo. Ndoo ile ilimkera kweli kweli.

"Mama, kwa nini tunahifadhi maji kama watu wa jangwani?" aliuliza Jumatatu moja ya mwezi Novemba, huku akiiruka ndoo ili aufikie mswaki wake. Aliuliza kwa Kiswidi. Ndivyo walivyozoea wawili hao: mama anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiswidi, na maisha yanaendelea.

"Piga mswaki, utachelewa," mama alijibu, akatoka.

Mama huyo jina lake Amne, mzaliwa wa Tanga. Alikuwa akisafisha ofisi za kampuni za kompyuta kule Kista, mwendo wa treni na tunnelbana, yaani treni ya chini ya ardhi, karibu saa nzima kwenda na karibu saa nzima kurudi. Baba yake Ziada aliendesha basi, na wiki hiyo alikuwa zamu ya jioni. Kwa hiyo mambo ya shule yalikuwa ya mama.

Na asubuhi hiyo mambo ya shule ndiyo yaliyomtia Ziada wasiwasi. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na barua kutoka kwa mwalimu. Alipewa Ijumaa. Jumamosi hakuitoa, Jumapili hakuitoa, na hata sasa, mama alipokuwa akifunga kamba za viatu mlangoni, mkono wa Ziada uligusa zipu ya mkoba ukarudi.

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa lake mwenyewe. Wiki tatu nyuma, mwalimu wao Gunilla aliwapa wanafunzi wa darasa la sita kazi ya kulinganisha nchi mbili za Kiarabu zilizo jangwani: uchumi wao, jamii yao na hali zao za maisha. Ziada alichagua Omani na Yemeni, kwa kuwa ni majirani wanaopakana. Mchanga ule ule, jua lile lile, lugha ile ile. Alikaa mbele ya kompyuta ya maktaba akakusanya takwimu zake bila shida. Omani ina watu wachache na mafuta ya kutosha. Yemeni ina watu wengi na mafuta kidogo. Pato la mtu mmoja Omani lilizidi la Yemeni zaidi ya mara kumi. Mtoto wa Omani alitarajiwa kuishi miaka kama kumi zaidi ya mwenzake wa ng'ambo ya mpaka.

Shida ilikuwa sehemu ya mwisho. "Takwimu hazisemi kila kitu," Gunilla aliwaambia. "Mtafuteni mtu aliyeishi huko, mmhoji."

Rafiki yake Denise, ambaye wazazi wake walitoka Kongo, alishapata mtu wake siku ile ile: mhandisi mmoja wa kanisani kwao, aliyewahi kufanya kazi Doha kwenye majengo ya vioo. "Alikuwa na dereva wake!" Denise alitamba. "Na wewe utamhoji nani?"

Ziada alijua wa kumhoji. Mama yake aliishi Maskati, mji mkuu wa Omani, miaka minne kabla ya kuolewa. Alijua pia alikuwa nani huko, kwa sababu aliwahi kumsikia akisema kwenye simu: alifanya kazi za ndani. Alipomwuliza, mama alikuwa akimenya viazi, na kisu hakikusimama. "Mambo ya Arabuni niache nayo, mwanangu. Niulize lingine."

Basi Ziada akajiundia mahojiano yake. Aliandika kwamba Amne wa Tumba alikuwa karani wa benki Maskati, aliishi ghorofani kwenye jengo lenye bwawa la kuogelea, na kwamba Omani kila mtu anaishi vizuri. Kuhusu Yemeni alimsingizia mama maneno haya: watu wa huko ni maskini kwa sababu hawapendi kufanya kazi. Kurasa mbili safi, na jina la mama juu kwa herufi kubwa.

Gunilla alifurahi kupita kiasi. Barua ilisema kwamba kazi ya Ziada imechaguliwa kubandikwa kwenye maktaba ya Tumba. Tena ilimwalika mama Alhamisi saa kumi jioni, kwenye kile kikao cha kila muhula ambapo mzazi, mwalimu na mwanafunzi hukaa pamoja, "nipate kusikia zaidi kuhusu ile benki."

Maktaba ya Tumba! Ndiko walikokutana Jumamosi akina mama wote wa Kiswahili, wa Tanga na wa Bukavu, kuwaazimia watoto vitabu na kupeana habari. Wangesoma jina la Amne wanayemfahamu, na neno benki chini yake. Wangecheka, na wangemcheka mama, siyo yeye.

Siku zile Ziada hakutulia. Darasani alinyanyuka kuchonga penseli ambayo ilikwisha kuchongeka. Nyumbani alifungua friji, akaifunga, akaifungua tena. Jumanne Denise alimshauri, "Sema mama yako anaumwa." Lakini Gunilla angepiga simu. "Basi mwambie mwalimu ukweli." Ziada alimtazama kama vile amemwambia aruke relini.

Jumatano aliitoa barua, imekunjamana pembe zote.

"Inasema nini?" mama aliuliza.

"Kikao cha kawaida tu."

Mama aliishika kitambo, macho yakiwa kwenye mistari, akaiweka juu ya friji. Ziada alipata wazo lililomtuliza kidogo. Tangu darasa la kwanza yeye ndiye mkalimani kwenye vikao hivyo. Mwalimu anasema, yeye anatafsiri. Mama anajibu, yeye anatafsiri. Maneno yote yalipita kinywani mwake. Nani angejua?

Alhamisi saa kumi giza lilikuwa limeshaingia nje ya madirisha ya darasa. Mama alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akaketi kwenye kiti kifupi cha wanafunzi, mkoba wake magotini. "Shikamoo, mwalimu," alisema kwa mazoea, akatabasamu, kisha akampa Gunilla mkono.

Gunilla alizitandaza zile kurasa mbili mezani. "Mwambie mama yako nimeipenda sana habari ya benki," alimwambia Ziada kwa Kiswidi.

Ziada alimgeukia mama. "Mama, anasema mwandiko wangu ni mzuri."

"Mwambie namshukuru."

"Anashukuru," Ziada alitafsiri, na hilo lilikuwa kweli.

"Mwulize alishughulika na nini hasa pale benki."

Ziada alimgeukia mama tena. "Mama, anauliza kama nalala mapema."

Mama alimtazama. "Mwambie," alisema taratibu, "unalala saa tatu. Lakini wiki hii hulali, unagaagaa."

"Alikuwa..." Ziada alimgeukia Gunilla, sauti ikipanda. "Alikuwa akihesabu fedha za wageni."

"Inte bank," mama alisema.

Siyo benki. Alisema kwa Kiswidi, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mama alikivuta kiti mbele akaendelea kwa Kiswidi chake cha kuokoteza, neno moja moja. Hakuwa benki. Alikuwa ndani ya nyumba ya watu. Alipika, alifua, alilea mtoto. Miaka minne.

Ziada alikuwa amejua kwamba mama anakwenda kozi ya Kiswidi kila Jumanne jioni, lakini alidhani anasinzia huko kwa uchovu. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu anayefuta meza katikati ya Waswidi kutwa nzima anawasikia wanachosema. Machozi yalimtoka, akayaacha yatiririke.

"Ulielewa tangu mwanzo?" aliuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo, mbali na kutafsiri, hakuwa amemjibu mama kwayo siku nyingi.

"Tangu barua," mama alisema. "Nilitaka kuona kama utarudi kwenye ukweli mwenyewe. Nilikupa nafasi ya kwanza, nikakupa ya pili. Hukurudi."

Gunilla hakufoka. Alizikusanya kurasa zile akamrudishia Ziada. "Hii siwezi kuibandika," alisema. "Umebuni maneno ukayatia kinywani mwa mtu halisi. Nina nafasi mpaka Jumatatu, ukiweza kumhoji kweli na kuandika upya. Lakini sharti mama yako akubali."

Safari hii Ziada alitafsiri neno kwa neno, akilia.

Mama alifikiri. "Mimi sikutaka kuyasema yale," alijibu mwishowe. "Lakini bora niyaseme mimi kuliko kuzuliwa. Nitakuhadithia. Utaandika ninachosema, halafu utanisomea kwa Kiswahili nisikie kama ni mimi."

Jumamosi asubuhi walikaa jikoni, chai mezani, daftari wazi. Mama alianza kwa kusitasita, kisha maneno yakamtoka. Nyumba ya Maskati ilikuwa nzuri, ina kiyoyozi kila chumba isipokuwa cha mtumishi. Bibi wa nyumba hiyo alizaliwa Unguja, akiongea Kiswahili kitamu, na alimpenda Amne; usiku wa Idi alimpaka hina kwa mkono wake. "Lakini pasi yangu ilikuwa kabatini kwao, imefungiwa, na Ijumaa ya kutoka nje ilikuwa moja kwa mwezi. Andika yote mawili. Usiandike moja ukaacha lingine."

Ziada aliandika. "Na Yemeni, mama? Huko hukufika."

"Sikufika. Ila mlinzi wa getini alitoka Taiz, anaitwa Saleh. Mwalimu wa hesabu, na bado alilinda geti la watu, kwa sababu mshahara wa kwao haukuwafikisha watoto mwisho wa mwezi." Mama alinywa chai. "Nawe ukaandika hawapendi kazi! Yule alisimama juani tangu alfajiri. Na kila jioni, bomba la bustani likitoa maji tele, alijaza madumu yake yote. Sisi tulimcheka. Akatuambia kwao maji hufunguliwa mara moja kwa wiki kadhaa, na yakija mtaa mzima huamka, hata mgonjwa hushika ndoo. Mke wake alikuwa huko. Alisema akiona dumu tupu hawezi kulala."

Ziada aliacha kuandika. Aligeuka akautazama mlango wa bafuni.

"Ndiyo," mama alisema. "Kwetu Tanga pia yalikatika, lakini nilijifunza kwa Saleh kujaza kila siku. Aliposikia vita vimekaribia kwao, alirudi kuwafuata. Sikujua tena habari zake. Nikijaza ndoo humkumbuka, basi. Nchi mbili zile hazitengwi na uvivu wa watu, mwanangu. Kuna mafuta, kuna amani, kuna maji, kuna wakubwa wanavyotumia walichonacho. Na hata ndani ya nchi tajiri, lazima uulize unalala chumba gani."

Ziada alimsomea kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, akijikwaa hapa na pale. Mama alisahihisha mahali pawili. Ziada alipomaliza, mama alitikisa kichwa kukubali.

"Mama, nilikuonea haya," Ziada alisema. "Nisamehe."

"Najua. Iliniuma, sitakuficha." Mama alimvuta karibu. "Sikia. Kazi niliyoifanya haikuniaibisha, maana niliifanya vizuri na kwa jasho langu. Kilichonitia aibu ni kukaa mbele ya mwalimu nikijisikia nimefutwa, pamewekwa mwanamke mwingine mwenye jina langu. Ukitaka kunipamba, nipambe kwa ukweli. Ukisema uongo, hata ukiwa mtamu, unanipoteza mimi na unajipoteza wewe."

Jumamosi iliyofuata karatasi zilibandikwa maktaba. Akina mama walikuwepo, na watoto, na theluji ya kwanza ikiyeyuka viatuni. Denise alisoma kazi ya rafiki yake mara mbili. "Yangu ina dereva tu," alisema kwa unyonge. "Sikumwuliza mhandisi nani alijenga vile vioo."

Mzee mmoja wa Kiswidi alisimama kwa muda mrefu mbele ya karatasi ya Ziada, miwani imeshuka puani. Kisha aliwageukia. "Samahani," alimwambia Ziada, "huyu mama ndiye aliyekuwa mtumishi wa ndani?"

Wale akina mama waligeuka. Mama alimtazama Ziada, akingoja kutafsiriwa. Ziada alijua fika kwamba mama amelisikia swali na amelielewa, kila neno. Akapiga moyo konde.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo kila mtu pale aliisikia, "anauliza kama wewe ndiye uliyekuwa mtumishi wa ndani."

"Mwambie ndiye mimi," mama alijibu, akaweka mkono begani kwake. "Na mwambie mkalimani wangu ni mwaminifu."