Alama Kwenye Kifua cha Mke Wangu

Niliona alama kwenye kifua cha mke wangu, na haikuwa ya mdomo wangu.

Nilikuwa nimeingia chumbani kutafuta soksi. Joleen alikuwa anabadilisha blauzi, tuwahi samaki wa Ijumaa pale baa kabla meza hazijajaa. Akageuka haraka, lakini macho yangu yalishafika.

Katikati ya matiti. Nyekundu, ndogo kama ukucha wa kidole gumba.

"Hiyo nini?"

"Ipi?"

"Joleen, usinifanye mtoto."

"Mafuta ya kukaangia yamenirukia," akasema huku anafunga vifungo.

Wadau... wiki nzima ile jiko letu halikuwa limeona kikaango. Tulikuwa tunakula viazi na nyama vya kuoka alivyotuletea mama yake.

Nikaenda nikala samaki wangu, nikanywa brandi yangu, nikacheka na watu. Lakini rohoni kulikuwa kunawaka.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana mkianza kunihurumia sasa hivi mtakuja kujuta.

Naitwa Loren. Kwetu huku kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, mtoto anaijua bunduki kabla hajaijua baiskeli. Novemba msimu wa kulungu ukifunguliwa, hata mchungaji anafupisha mahubiri, maana anajua nusu ya kanisa imevaa nguo za porini chini ya koti.

Joleen yeye ni mtoto wa jiji, wa Milwaukee; yeye na mama yake walihamia huku ukubwani. Kwao bunduki ni kitu cha kwenye taarifa ya habari, na habari yenyewe huwa si nzuri. Tangu tuoane nilikuwa nambembeleza.

"Njoo ujaribu mara moja tu."

"Naogopa, Loren."

"Unaogopa nini sasa? Mimi si nipo?"

Mwaka huu, mwezi wa nane, akakubali. Nadhani nilimchosha. Tukaenda shambani kwa rafiki yangu Duane, mshkaji wangu tangu shule.

Sasa sikilizeni nilichomfanyia.

Mtu anayeanza unampa bunduki ndogo, ya risasi nyembamba, isiyo na kelele wala teke. Unamfundisha kusimama, unamfundisha kuilaza begani, unamwekea risasi moja. Hilo kwetu analijua hata mlevi.

Mimi nilimpa bunduki ya kulungu ya marehemu baba. Ile ambayo mimi mwenyewe, na mwili huu, nikiipiga asubuhi, jioni bega linalalamika.

"Itanipiga teke?" akauliza.

"Kidogo tu."

Duane akageukia pembeni kuficha kicheko, maana wazo lilikuwa lake. Mimi nikatoa simu. Ndivyo tunavyowakaribisha wageni huku, unampa kubwa halafu unarekodi.

Ikalia. Joleen akaenda chini, miguu juu, bunduki ikaenda njia yake. Duane alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka mpaka video ikatikisika.

Nikaipandisha mtandaoni palepale. Nikaandika: "Mke wangu akutana na baba mkwe."

Jioni alinionyesha bega. Lilikuwa la bluu, limevimba.

"Loren, ulijua itanifanya hivi?"

"Kila mtu anaanza hivyo, mama."

"Nimekuuliza, ulijua?"

Nilikuwa naangalia simu, wangapi wamecheka. Naandika hili uso unanichoma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya hapo Joleen hakunitajia bunduki tena. Nikadhani yamekwisha.

Ikaanza safari ya Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi anamwacha binti yetu mdogo Britta kwa bibi yake, mimi ananiambia anaenda kusaidia usafi kanisani. Mimi nikawa namsifia kwa watu, mke wangu mcha Mungu.

Sasa ile Ijumaa ya alama, tunatoka baa, tukakutana na mke wa mchungaji mlangoni. Joleen alikuwa ameshatangulia kwenye gari.

"Loren, mwambie Joleen tumemkumbuka," akaniambia. "Jumamosi tunafagia wenyewe siku hizi."

Nikaona giza.

Na hapo akili ikaanza kuunganisha. Nani mwingine amenikwepa Jumamosi zote hizo? Duane! Nikimpigia twende kuvua, ana shughuli. Nikipita kwake, gari halipo.

Mke wangu na Duane... Duane huyuhuyu aliyenisimamia harusi.

Asubuhi yake Joleen akanibusu shavuni, akaondoka na Britta. Nikampa nafasi, nikawasha gari, nikamfuata. Bastola ilikuwa kiunoni kama siku zote. Na sitawaficha, njiani nilikuwa naipapasa. Sijui nilitaka kufanya nini. Nilijiambia nataka tu kumtisha Duane. Watu wengi walioko jela leo nao walitaka kutisha tu.

Alimshusha Britta kwa bibi yake. Akalipita kanisa. Akakata kuelekea shimo la zamani la kokoto, ambako klabu yetu ina uwanja wa shabaha.

Gari la Duane lilikuwa pale.

Nikaegesha mbali, nikaenda kwa miguu. Nikamwona mke wangu amenipa mgongo, amevaa vikinga masikio, ameshika bastola kwa mikono miwili. Duane nyuma yake, karibu, mdomo uko sikioni kwa mke wangu.

"Duane! Mwache mke wangu!"

Duane akageuka, akanyoosha kiganja. "Loren, simama hapohapo. Usivuke kamba."

Kamba ile ya njano kila mwanachama anaijua. Mtu akiwa anapiga, huivuki mpaka aseme ameweka chini. Mimi nimewahi kumfokea mwenzangu kwa ajili ya kamba ile.

Nikaivuka.

Na Joleen, ambaye mimi nilimwona mwoga... hakugeuka na bastola. Alitoa kidole kwenye triga. Akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi. Akaivuta sehemu ya juu ya bastola nyuma, akachungulia ndani kuhakikisha hakuna risasi, akailaza mezani imeelekea kwenye kilima cha mchanga. Akarudi hatua nyuma. Ndipo akanigeukia.

Mume anamjia juu kama ng'ombe, yeye anafuata utaratibu.

"Mkono wako uko wapi, Loren?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikatazama. Mkono wangu ulikuwa juu ya bastola kiunoni.

"Umekuja kuua mtu?"

Huyo hakuwa Joleen. Alikuwa LuAnn, mke wa Duane, ameketi kwenye kiti cha kukunja na chupa ya chai mapajani. Hata sikuwa nimemwona. Ukishaamua kuona fumanizi, mengine huyaoni.

Nikaondoa mkono. "Nimekuja kumuuliza mumeo alama iliyoko kifuani kwa mke wangu ameiweka yeye?"

LuAnn akamtazama Duane. Duane akamtazama Joleen. Joleen akainamisha kichwa, si kwa hatia, alikuwa ananionea aibu.

"Ganda la risasi," Duane akasema. "Lilichomoka kwenye bastola likarukia ndani ya blauzi ya shemeji Jumamosi iliyopita, likang'ang'ania humo. La moto kabisa. Na hakugeuza bastola pembeni, Loren. Aliuma meno, akaiweka chini kwanza, ndipo akajitikisa. Wewe lilipokuingia shingoni uliruka majoka, risasi ikatoboa bati la choo cha klabu."

Wadau, kovu hilo ninalo mpaka leo. Kwenye klabu yetu hakuna asiye na alama ya namna ile. Mimi niliyezaliwa kwenye moshi wa baruti niliona jeraha la ganda kwa mke wangu, na kitu pekee kilichonijia kichwani ni mdomo wa mwanaume.

Nikajaribu kucheka ili yaishe.

"Sasa si mngeniambia tu? Mnanipandisha presha bure. Kumbe mke wangu anajifunza, mimi nafurahi."

Hakuna aliyecheka nami.

"Itoe bastola yako uiangalie," Joleen akasema.

"Ya nini?"

"Iangalie tu."

"Ina risasi. Naijua bastola yangu."

"Iangalie, Loren."

Nikaichomoa, mdomo chini. Nikatoa magazini.

Tupu.

Nikaivuta, nikachungulia ndani. Tupu.

Nilikuwa nimeivaa kwenda kazini. Nimeivaa sokoni. Nimeivaa asubuhi ile nikimfuata rafiki yangu na roho ya mauaji. Kila mtu niliyewahi kumfundisha nimempa sheria ya kwanza: ukishika bunduki, ikague mwenyewe, usimwamini hata aliyekupa. Na bastola tupu ni nyepesi, mkono unasema. Mkono wangu haukuniambia kitu, kwa sababu nilikuwa naibandika tu kiunoni kama funguo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu wiki iliyofuata ile ya video. Unapokuja jioni unaitupa juu ya kaunta ikiwa kwenye mfuko wake, unaenda kwenye kiti chako na glasi. Mimi naikagua, nikikuta risasi natoa. Asubuhi unaivaa."

"Lakini kwa nini, Joleen?"

Akavilaza vikinga masikio mezani.

"Nilikuwa naosha vyombo. Britta akaja nyuma yangu, akaniambia, 'Mama, baba amesahau hii.' Nikageuka. Alikuwa ameichomoa kwenye mfuko wake, ameishika kwa mtutu, mpini ukiwa upande wangu, anavyofundishwa kumpa mtu mkasi. Mdomo wa bastola ulikuwa umemwelekea yeye, hapa." Akaweka kidole chini ya kidevu chake mwenyewe. "Na mimi sikujua niishike vipi. Nilikuwa nimesimama na mtoto wangu ana bastola, na sikujua kama nikiigusa italia au haitalia. Wewe ulikuwa sebuleni unamwonyesha mtu video kwenye simu. Nilikuwa nakusikia unavyocheka."

LuAnn alikuwa analia. Mimi nikaketi chini kwenye kokoto.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungesema nini?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Maana najijua. Ningecheka. Ningesema damu ya babu yake hiyo.

"Mimi nilimfuata shemeji nikamwomba msamaha," Duane akasema. "Lile wazo la bunduki lilikuwa langu, na lilininyima usingizi. Nikamwambia nitamlipa kwa lolote. Unajua aliniambia nini? Hakutaka kufundishwa kupiga. Alisema, 'Nifundishe kutoa risasi kwenye bastola ya mume wangu.' Hicho tu. Kupiga kumekuja baadaye, na ana mkono kuliko wewe." Akanitazama. "Wewe ulimwomba msamaha lini, Loren?"

Nimemjua Duane miaka yote hiyo kama mtu wa mizaha, na siku ile nilishindwa kumtazama usoni.

Nikamwambia Joleen, "Nisamehe." Nililisema neno likatoka dogo, kama la mtoto aliyeshikwa mkono.

Akanijibu, "Nimekusikia." Hakusema amenisamehe. Akachukua mkoba wake, akaenda kumchukua Britta, wakalala kwa mama yake.

Amerudi sasa. Alirudi baada ya mimi kununua sefu na kuondoa kila bunduki chumbani, jikoni na kwenye gari. Brandi nimeweka mbali na siku za bunduki. Video niliifuta, lakini watu walishaichukua, na juzi kuna mtu asiyenijua amenitumia akidhani itanichekesha.

Najua kwenye maoni mtanitukana. Nitukaneni, ninastahili. Ila wewe unayetaka kumpeleka mwenzako akajifunze silaha, na anasitasita, usimwambie "usiogope." Usimpe kubwa ili ucheke. Kaa naye, umuulize anaogopa nini hasa, halafu ufunge mdomo umsikilize.

Mimi sikumuuliza mpaka wiki iliyopita. Tulikuwa mezani, Britta ameshakula, nikajikaza nikamuuliza.

"Joleen, muda wote ule ulikuwa unaiogopa bunduki, au kelele zake?"

Akaniangalia kwa huruma, na afadhali angenipiga kofi.

"Bunduki haijawahi kuniahidi chochote, Loren. Nilikuwa nakuogopa wewe ukiwa nayo."

Namba za kufungulia sefu anazo yeye. Mimi sizijui, na sina uso wa kuziomba.