Mgomba wa Nyuma ya Jiko

Eustadia ndiye aliyeuona kwanza. Alikwenda nyuma ya jiko kumwaga maganda ya ndizi, akarudi amekunja uso.

"Baba Vero, kuna mgomba umegeuka rangi kule. Majani yamelegea na jua lenyewe si kali. Ndizi zake bado changa, lakini nyingine zimeshaiva."

Privatus hakuinua hata kichwa. Alikuwa akitandaza nyasi kando ya njia, kutoka barabarani hadi mlangoni. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja, watu wa kijana aliyetaka kumwoa binti yao Vero. Na pale Isingiro, mkwe akifika haangalii kwanza kiti ulichompa. Anaangalia kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni linaloizunguka nyumba.

"Wageni hawapiti nyuma ya jiko," alisema Privatus.

"Wageni wataondoka, Baba Vero. Sisi tutabaki na njaa yetu."

Ili mkewe anyamaze, Privatus alikwenda akauangusha ule mgomba kwa panga na kuuacha hapo hapo. Panga lilitoka na utomvu wa manjano. Akalifuta kwenye nyasi, akarudi mbele ya nyumba kuendelea na urembo wake.

Na alijua kuremba, tusimnyime haki yake! Alipogoa majani ya kila mgomba wa njiani. Alikata na maua yote yanayoning'inia chini ya mikungu. Panga lilikuwa lile lile, mgomba hadi mgomba, mpaka akafika mlangoni. Hapo palikuwa na shina la nshakala, ndizi tamu za kupika. Marehemu mama yake alilipanda mwaka alioletwa hapo bibi harusi. Alilisafisha hilo kwa uangalifu kuliko yote.

Kesho yake akaja jirani yao Mukandekezi. Alikuwa mama mjane, wazazi wake walitoka Rwanda zamani. Privatus alipomwona, hata shikamoo ilimpotea.

"Mbuzi wako amekula maharage yangu!" alifoka.

"Pole, mwanangu, nitamfunga. Lakini nimepita nyuma ya jiko lako. Ule mgomba uliouangusha una ugonjwa wa mnyauko. Panga ulilokatia liko wapi?"

"Mimi naongea habari ya mbuzi, wewe unaniuliza panga! Mashina matatu ya maharage, mama! Kamfunge kwanza, ndipo uje tuongee."

Mukandekezi akajifunga kanga vizuri, akaenda kumfunga mbuzi wake.

Jumamosi wakwe walifika. Walikisifu kibanja mpaka Privatus akaona haya. Usiku ule alilala akitabasamu. Maskini, hakujua alichokuwa akikifurahia.

Mvua zilipokolea, mgomba wa kwanza njiani uligeuka njano. Ukafuata wa pili. Ugonjwa ulitembea njia ile ile aliyopita na panga, kana kwamba alikuwa ameuonyesha kwa kidole. Mwisho ukafika mlangoni. Privatus alipokata mkungu wa nshakala ya mama yake, ndani ndizi zilikuwa na madoa ya kahawia, hazifai hata kwa nguruwe. Alikaa chini penye nyasi zake nzuri, akalia mbele ya mkewe. Eustadia hakumwambia "nilikuambia." Aliketi kando yake.

Jioni Privatus alikwenda kwa Mukandekezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Kibanja kinakwisha."

"Najua. Changu cha kule Bugomora kilikwisha hivyo hivyo, kabla sijahamia hapa. Bwana shamba alinifundisha nikiwa nimeshabaki na vichaka tu."

"Kwa nini hukunilazimisha kusikia?"

"Nilikuja, mwanangu. Wewe ulikuwa na habari ya mbuzi."

Mukandekezi akamwonea huruma, akavuta kigoda karibu.

"Sikiliza. Ugonjwa huu hauna dawa. Unasafiri na panga, na unasafiri na nyuki na wadudu wanaotembelea maua. Kila mgomba unaougua ukate chini kabisa, usawa wa udongo. Machipukizi yake yakiugua, nayo ukate. Kabla hujagusa mgomba mwingine, pitisha panga kwenye moto mpaka lipate joto kali, lisiweze kushikika. Huna moto? Lioshe kwa Jiki."

"Na maua?"

"Ua liondoe mara tu kichana cha mwisho cha ndizi kikitokea. Usitumie panga. Tafuta mti wenye panda, ulishike ua, ulizungushe, livunjike. Na usichukue wala kugawa machipukizi ya shamba lenye ugonjwa."

"Na mbuzi?" aliuliza Privatus kwa sauti ndogo.

Mukandekezi alicheka. "Mbuzi naye hueneza akila migomba inayougua, kwa hiyo wangu nitaendelea kumfunga. Lakini hilo ni dogo, waitu, mwanangu. Kubwa lilikuwa mkononi mwako."

Walifanya kazi pamoja, mume na mke. Eustadia alikoka moto katikati ya shamba, Privatus akakata. Nshakala ya mlangoni aliiacha mwisho, kisha akaikata nayo. Mahali palipokuwa na migomba walipanda maharage, wakingoja zaidi ya nusu mwaka kabla ya kupanda machipukizi safi. Mgomba wa kupona ulipona. Migomba ya bondeni, ile iliyoachwa na majani yake makavu kwa sababu hakuna mkwe angefika huko, haikuguswa na panga wala ugonjwa. Matoke ya harusi ya Vero yalitoka huko, na mikungu mingine ililetwa na Mukandekezi.

Siku hizi Eustadia akisema ameona jani limebadilika, Privatus huacha chochote alichoshika, hata chai, na kwenda kuangalia. Kibanja kinarudi polepole. Lakini mlangoni bado ni jua tupu, na wageni huuliza kwa nini hapana kivuli.

"Palikuwa na migomba ya mama," huwajibu. "Niliiua nikiwapambia ninyi."