Kiti Hiki cha Nani

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUPITISHA SAMANI MOJA (1), AINA YA KITI, KATIKA NGAZI ZA PAMOJA.

Ndivyo shauri lilivyoandikwa kwenye jalada la kamati ya wakazi, kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Anayelisoma leo atadhani mtu fulani alitaka kushusha kiti, akazuiwa. Hatakosea. Ila kwa nini alitaka kukishusha, hilo halimo jaladani, kwa sababu sehemu ya "maelezo mengineyo" ilikuwa na upana wa kidole.

Mwombaji alikuwa mwanamke wa ghorofa ya tatu ambaye jengo zima lilimwita Mama Msasa. Mtoto hakuwa naye. Umama huo alipewa kwa ajili ya ile kwaru-kwaru iliyotoka mlangoni kwake tangu asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuokota vilivyotupwa na kuvirudishia heshima: stuli zenye mguu pungufu, fremu za picha, masanduku ya marehemu bibi za watu. Aliviosha, akavipiga msasa, akavipaka vanishi, na mara nyingi waliovitupa ndio waliokuja kuvinunua, wakavisifia kwamba siku hizi vitu kama hivi havipatikani.

Waliishi wawili, yeye na mama yake mzazi. Bibi huyo alikuwa amepungukiwa macho na kumbukumbu, lakini adabu hakupungukiwa hata chembe. Hodi ikipigwa, hata kwenye mchezo wa redio, yeye alikaribisha.

Kiti alikipata mtaa wa pili, kwa watu waliokuwa wakihama. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani peke yake, mbali na vyombo vingine, cha mti mweusi mzito, mgongo umechongwa majani, mikono imelainika kwa kushikwa miaka mingi. Mama wa nyumba ile alipoulizwa, alirudi nyuma.

"Chukua tu."

"Kwa bei gani, dada?"

"Siuzi. Nitauzaje kisicho changu? Sijasema ni changu. Nyie watoto, mmenisikia? Mama yenu hajasema ni chake."

Mama Msasa akadhani ni uchovu wa kuhama. Akakibeba, na mlinzi wa jengo akamsaidia kukipandisha ngazi huku akikisifia.

Kitu cha kwanza kugoma kilikuwa vanishi. Miguu ilikauka siku ileile. Mgongo ukakauka, mikono ikakauka. Kikalio kikabaki kibichi, kinanata kama asali, na asubuhi yake kilikuwa na alama: mapaja mawili yaliyotulia, na kati yake michirizi ya nyuzi za nguo nzito.

"Mama, umekikalia kile kiti?"

Mama aligeuka taratibu, akamwonyesha nyuma ya gauni lake. Safi.

Akakwangua, akapiga msasa, akapaka upya. Asubuhi, mapaja. Akabadilisha kopo. Mapaja. Akaenda kumgombeza muuza rangi.

"Labda hali ya hewa, dada," akasema muuza rangi.

"Hali ya hewa inayochagua kikalio na kuacha miguu?"

"Hali ya hewa ya siku hizi haina adabu."

Alirudi nyumbani amefura. Fundi akishindwa na vanishi amebakiza nini? Akakwangua mara ya tatu kwa hasira, na ndipo harufu ilipotoka: si ya mbao wala ya rangi, ni harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa na maji ikafungiwa sandukuni, na chini yake ubaridi wa kisima. Akafungua madirisha yote. Harufu haikutoka, ilisogea tu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye korido.

Jioni hiyo alikuwa jikoni akisikia mama yake sebuleni akizungumza na kucheka kidogo, kile kicheko cha kumstahi mgeni.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na mgeni. Anauliza kiti hiki cha nani. Nimemwambia angoje nikuulize, kisha nimesahau kukuuliza."

Sebuleni hapakuwa na mtu mwingine. Kiti kililia *ngwii*, mlio wa mbao inapopokea uzito, na baada ya mlio pakasikika pumzi ndefu ya mtu aliyesimama siku nyingi akapata pa kukaa.

Mganga aliyeelekezwa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyefanya kazi nyuma ya duka la cherehani na kupokea watu kwa foleni. Alimsikiliza Mama Msasa bila kumkatiza, akatikisa kichwa kama fundi bomba aliyeonyeshwa bomba.

"Sisi mtu aliyepandwa na jini tunamwita kiti," alisema, "kwa sababu jini humkalia kama mimi nilivyokaa hapa. Hili lako lilikosa mtu, likakalia mbao. Mbao haina joto, mwanangu. Ndiyo maana linauliza."

"Kwa nini liulize? Si likamate tu?"

"Si jambazi. Ni jini la adabu, linataka kukaribishwa. Atakayelijibu kwamba mwenyewe ni yeye, basi amejitoa. Litahama kwenye mbao likae kwake."

"Na likishakaa?"

"Umewahi kuona kiti kikiinuka kikaenda kinakotaka?"

Mama Msasa alisogea mbele. "Nikipige shoka."

"Ukivunja nyumba ya mtu, anahamia kwa jirani. Jirani wa karibu ni nani hapo kwako?"

Wote wawili walijua ni nani.

"Kishushe mchana kweupe, kwa mlango kilioingilia, ukakiache mahali pasipo na watu. Kabla ya hapo asijibu mtu."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Mambo ya majini ni mepesi. Wanaoyatia uzito ni watu."

Uzito ulikuwa unamngoja chini ya ngazi. Mlinzi yuleyule aliyemsaidia kukipandisha alinyoosha mkono kumzuia.

"Pole, dada. Sheria mpya. Kabati la watu wa juu limekwaruza rangi ya ngazini. Hakuna samani inayopita bila karatasi yenye muhuri."

"Kaka yangu, hiki kiti kina jini."

"Naamini, dada. Lakini jini halitanifukuza kazi."

Muhuri ulikaa kwa mwenyekiti wa kamati, mzee wa ghorofa ya pili, mstaafu wa idara ambayo hakuna aliyewahi kuelewa ilifanya nini. Watu walimwita Bwana Ajenda, naye alilipenda jina hilo. Alifunga tai hata akienda kutupa taka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Una miadi?"

"Nakaa juu yako, baba."

"Hiyo si miadi."

Akaeleza shida yake bila kutaja jini. Bwana Ajenda akafungua jalada jipya kwa furaha ya mtu anayefungua zawadi.

"Kiti kina miguu mingapi?"

"Minne, baba, kama ng'ombe."

"Kiliingia kwa kibali namba ngapi?"

"Kiliingia kabla ya sheria."

"Basi kwa mujibu wa kumbukumbu zetu hakimo." Akavua miwani. "Hatuwezi kuruhusu kitoke kitu ambacho hakijaingia. Kwanza tukiingize."

Kukiingiza kulihitaji vikao vitatu. Cha kwanza kilikosa akidi, kwa sababu wajumbe wawili walikuwa wamenuniana kuhusu kamba ya kuanikia nguo. Mama Msasa akaomba dharura. Fomu ya dharura ikarudishwa: sababu "jini" haimo kwenye orodha, mwombaji achague moto, mafuriko au msiba.

"Msiba ndio ninaoukimbia, baba!"

"Ukitokea, njoo. Unapewa kipaumbele."

Alirudi juu akakaa ngazini na kulia kwa hasira, kilio kikavu kisicho na machozi. Jini lilitaka neno moja tu. Kamati ilitaka vikao vitatu.

Na kule ndani mambo yalizidi. Alikifungia kiti chumba cha kazi; sauti ikapita chini ya mlango. Sasa naye aliisikia: sauti ya taratibu, ya mtu mstaarabu, lakini yenye mkwaruzo wa mbao inayosuguliwa kinyume cha nyuzi zake. *Samahani, wenyewe. Kiti hiki cha nani?* Alimziba mama masikio kwa pamba. Mama akaitoa, akisema mgeni hazibiwi masikio. Alimpeleka kwa shangazi. Mama akalia njia nzima, akakataa kula, akarudishwa kesho yake. Kila jioni alimkuta amesogeza mkeka wake karibu zaidi na kile chumba, na jioni moja alimkuta ameketi akiegemea mlango, kiganja kimeushika kama anayembembeleza mtoto aliye upande wa pili, na ile harufu ya nguo mbichi imeijaza nyumba hadi kwenye sukari, na mama anasema kwa upole, huku midomo ikitafuta neno lililompotea, "Maskini, umengoja sana, mwanangu, ngoja nikumbuke, hiki kiti ni cha, ni cha...", na binti yake akaruka kutoka jikoni na mwiko mkononi, akaanza kuimba kwa sauti kubwa wimbo wowote uliomjia, akaimba hadi koo likakauka na mama akasinzia, naye akanyamaza, na katika ukimya ule akasikia upande wa pili wa mlango mtu akingoja. Hakukasirika. Alingoja tu, kama wanavyongoja watu wenye hakika ya zamu yao.

Asubuhi akashuka tena, hajachana nywele.

"Baba, njoo ukione mwenyewe. Kikague, kipime, kiingize, kitoke. Leo."

Labda zilikuwa zile nywele. Bwana Ajenda alikubali ukaguzi, akapanga uwe alasiri, akaja na futi ya mkunjo, jalada na muhuri mfukoni. Jua lilikuwa linamulika vigae. Mama Msasa alikuwa amekivuta kiti sebuleni tayari kwa safari. Bibi aliketi kwenye mkeka wake, akamkaribisha mgeni mara tatu.

Bwana Ajenda alipima urefu, akapima upana, akanusa.

"Kuna unyevu humu. Uliripoti?"

"Gonga muhuri, baba, nakuomba."

"Na hiki kikalio mbona kibichi? Kitachafua ukuta. Kifungu cha sita..."

*Ngwii.*

Bwana Ajenda aligeuka. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kiti kilikuwa kitupu mbele yao, jua limekipiga, na kwenye vanishi ile mbichi mapaja mawili yalikuwa yakijichora polepole, kama nyayo kwenye tope.

"Samahani, wenyewe," sauti ikasema, na safari hii ilikuwa karibu sana na yenye uchovu. "Nimeuliza muda mrefu. Mwenye kiti ni nani?"

Uso wa bibi ukang'aa. Amekumbuka.

"Ah! Mwenye kiti ni huyu bin..."

Mama Msasa alishapiga magoti, mikono yote miwili juu ya mdomo wa mama yake. Akahisi midomo ile mikavu ikiendelea kusema ndani ya viganja vyake. Akainua macho. Bwana Ajenda alikuwa amekunja uso, si kwa hofu, bali kama mtu aliyetukanwa. Alidhani kuna jirani jikoni. Alichosikia yeye ni kwamba katika jengo hili, baada ya miaka yote hii, bado kuna mtu asiyemjua.

Akakohoa, kama alivyokohoa kabla ya kila tamko. Akanyoosha tai. Ilikuwa nafasi ya kutosha kwa mtu kusema neno moja, "nyamaza", hata mara mbili. Mama Msasa alilipata neno. Lilifika kwenye ulimi. Chini ya viganja vyake mama alikuwa bado anajitahidi kumjibu mgeni.

"Mwenyekiti ni mimi," akasema Bwana Ajenda. "Kipindi cha pili, bila kupingwa."

Akatoa muhuri mfukoni.

"Ahsante," ikasema sauti.

Kiti kikalia mlio mwepesi wa mbao inayotuliwa mzigo. Kikalio kikafifia mng'ao mbele ya macho ya Mama Msasa, kikakauka chote kwa mara moja, laini, bila alama. Bwana Ajenda aliyumba. Mabega yakashuka, magoti yakakunjika kidogo, yakabaki hivyo. Akatazama mikono yake kama mtu aliyekabidhiwa kitu kizito asichokiona. Kisha akagonga muhuri, akatoka bila kuaga. Waliokuwa ngazini wanasema nyayo zake zilisikika kama za mtu anayebeba mwenzake.

Kiti kilishushwa alasiri ileile na kuachwa pasipo na watu. Mlinzi aliiangalia karatasi akaridhika. Jalada limefungwa kwa maneno haya: "Ukaguzi ulifanyika. Kibali kilitolewa. Mwenyekiti yuko likizo ya ugonjwa." Nyumbani kwake pana harufu ya nguo mbichi, na yeye hukaa pembeni mwa ukuta tangu asubuhi, mgongo wima, mikono imenyooshwa mbele sawasawa, na haondoki hapo mpaka asogezwe.

Kilichotokea hasa ni hiki: jini liliuliza mwenye kiti, mwenyekiti akajibu, na mwanamke aliyejua tofauti ya maneno hayo alikuwa na nafasi ya kusema, akanyamaza.