Programu ya Mwoka Mikate

Kila asubuhi, watoto wakishaenda shule, baba yao alikwenda kazini kwa hatua sita: kutoka mezani hadi chumbani. Alikuwa fundi wa kutengeneza programu za kompyuta. Aliacha ajira ili ajitegemee. Mkewe alimwita Bosi Bila Ofisi.

Miezi miwili alijifungia humo, akimtengenezea mwoka mikate wa mtaa wa pili programu ya kupokea oda. Huyo ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza, tena wa pekee. Akimkosa, itabidi arudi kuajiriwa.

Siku ya kukabidhi, mwoka mikate aliitazama programu kwenye simu. Ilikuwa na kurasa kumi na nne, na rangi kama tausi.

"Nitaandikaje humu, baba?" Aliinua mikono. Unga ulimfika viwikoni.

"Unanawa kwanza, mama."

"Mara mia kwa siku? Mkate utajikanda wenyewe? Nakupa wiki moja. Ukishindwa, nabaki na karatasi zangu."

Fundi alirudi nyumbani kichwa chini. Jirani yake, mama mshonaji, alikuwa barazani na cherehani yake.

"Shemeji, mbona uso umejikunja kama shati lisilojua pasi?"

Akamsimulia.

"Ulimpima?"

"Nimpime nini? Alinieleza kwa simu, nikaelewa."

Mshonaji alitoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Mimi mteja nampima kwanza. Kisha napiga bandi, nyuzi za mbalimbali tu, ajaribu. Kwapa likibana, nafumua, hakuna hasara. Wewe umeshona suti nzima, na bega la mtu hujaliona!"

"Programu si suruali, shemeji."

"Haya, basi ivae wewe."

Maneno yalimchoma, lakini yalimwingia. Kesho yake alikwenda kwa mwoka mikate, akaomba kukaa pembeni atazame tu.

"Mimi sinema?" mama akashangaa. Akamwacha.

Kumbe! Wateja walipaza sauti dirishani. Mama aliitikia huku akikanda, akaandika baadaye, na oda nyingine akazisahau. Na karibu wote walitaka mikate ya aina tatu tu. Kurasa kumi na nne za nini?

Jioni hiyo alitengeneza ukurasa mmoja wenye vitufe vitatu vikubwa. Asubuhi akaitundika simu ya mama ukutani, ndani ya mfuko mwembamba wa nailoni.

"Bonyeza kwa kiwiko, mama."

Mama alibonyeza mkate mdogo, ukatokea mkubwa. "Vitufe vimebanana!"

"Vizuri! Niambie na kingine." Akavitenganisha palepale.

Siku ya nne mama alikuwa anabonyeza bila kutazama, akipiga soga na wateja. Oda haikupotea hata moja.

"Karatasi nimewashia tanuri," alisema. "Na dobi wangu anakutafuta."

Dobi alipiga simu siku hiyohiyo. "Fundi, nataka programu. Ngoja nikueleze."

"Usinieleze, kaka," alijibu. "Kesho unaanza kufua saa ngapi?"