Usifungue Utepe

Jumamosi asubuhi, kwenye dirisha la kujiandikisha la bustani ya mimea ya jiji, watu wazima walikuwa wakisukumana kama watoto wa chekechea. Wengine walifuata darasa la mboga za kwenye makopo, wengine la maua, na mzee mmoja alifuata kivuli tu. Mwisho kabisa wa foleni walisimama wawili wasiojuana: kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, na dada wa gauni la njano na raba nyeupe pee, ananukia sabuni ya hospitali hata siku ya mapumziko.

"Limebaki darasa la kubebesha miche, la kila Jumamosi," karani alisema bila kuinua uso. "Mnachukuliwa wawili wawili, mmoja anashika, mmoja anakata. Nyie ni mtu na mkewe?"

"Hapana!" alisema dada.

"Bado," alisema kijana.

Foleni nzima ikacheka. Dada akamgeukia, mkono kiunoni. "Bado? Hata jina langu hulijui!"

"Ndiyo maana nikasema bado, dada yangu. Mambo huenda kwa utaratibu."

"Una mdomo wewe."

"Na mikono pia. Mimi fundi wa lifti."

"Basi na mimi nesi wa chumba cha vidonda. Endelea hivyo hivyo, tutaonana kazini kwangu."

Karani akawaandika pamoja. Hivyo ndivyo wengine wanavyopata bahati, sisi tukipanga foleni tunapata jua.

Darasa lilikuwa kwenye banda la vioo, joto kama mdomoni mwa mtu. Mwalimu alikuwa mama mstaafu mwenye kofia pana na mkasi wa kupogolea uliomning'inia shingoni, na kwa sababu hiyo wanafunzi wakambatiza Bibi Mkasi. Alikata kichwa cha mche wa limau, akapasua shina, akachonga kijitawi cha mchungwa kama kabari, akakichomeka kwenye ule mpasuko na kuzungushia utepe wa nailoni.

"Kijitawi hiki tunakiita kikonyo," alisema. "Kikishikana na shina, mnao mchungwa. Kisiposhikana, mna kijiti. Mkishafunga, kazi yenu imekwisha. Mwagilieni chini, mkae mbali. Asifungue mtu kuangalia kama kimeshika. Ukiangalia, umeua."

"Tutajuaje sasa, Mwalimu?" fundi aliuliza.

"Hutajua, mwanangu. Utangoja kikonyo chenyewe kitoe jani."

Nesi alishika, fundi akakata. Vidole vizito vya grisi vya fundi viligongana na vyembamba vya nesi, na kabari ya kwanza ikatoka kama jino bovu.

"Hivi lifti zetu ndivyo unavyozitengeneza?" nesi alinong'ona. "Kuanzia leo napanda ngazi."

"Lifti hainiangalii hivyo."

Wiki zilizofuata simu hazikupoa. "Sista, umekula?" "Nimekula, Fundi. Wewe je, leo umemtoa nani kwenye lifti?" "Bwana harusi mmoja na viatu vipya." "Masikini! Alichelewa?" "Aliniomba nisiharakishe." Nesi alicheka hadi wagonjwa wakainua vichwa. Sista akawa mpenzi, Fundi akawa roho yangu, na shangazi yake nesi, aliyekaa naye nyumba moja, akaanza kuuliza kwa nini siku hizi sufuria zinaungua.

Kisha hospitali ikampa nesi uhamisho: mji mwingine, mbali, na cheo cha juu. Akubali au akatae, mkuu wake alitaka jibu kabla ya Jumamosi ya mwisho ya darasa. Siku hiyo walikaa kwenye benchi nje ya banda, yeye akisokota pindo la gauni lile la njano.

"Nikatae?" aliuliza.

Fundi alitamani kusema kataa, nitakufa. Lakini aliona miaka ijayo, mwanamke akimtazama mezani na kukumbuka cheo alichoacha. "Amua wewe, mpenzi," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

"Niamue mimi! Nikikuuliza rangi ya shati unaongea saa nzima. Nikikuuliza hili, niamue mimi?"

"Sasa nifanye nini?"

"Basi mche uamue. Ukishika, nabaki. Usiposhika, naenda."

Walicheka wote wawili, lakini hakuna aliyesema ilikuwa utani.

Tangu hapo fundi hakulala vizuri. Kazini, kitu usichokielewa unafungua kifuniko, unachungulia, unafunga. Kila jioni akitoka kazini alipita bandani, akafungua utepe kidogo, akachungulia, akaurudisha kwa kuukaza kama waya wa umeme. Na nesi? Ah, msimwonee fundi peke yake! Nesi naye, mkono uliozoea kufungua kidonda kila siku, kukikagua na kukifunga upya, ungewezaje kutulia? Mchana, wakati wa chakula, alivuka barabara kutoka hospitalini, akafungua, akapuliza taratibu, akafunga vizuri na kukunja ncha ya utepe kama plasta. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Mche wa watu ukageuka mlango wa ofisi.

Siku moja kikao cha nesi kikamchelewesha, akaja jioni. Kupitia kioo alimwona fundi amepiga magoti, utepe mkononi, kikonyo cheusi kama kijiti cha kiberiti kilichokwisha waka.

"Kumbe ni wewe!" alisema mlangoni.

Fundi alishtuka, utepe ukaanguka. "Mpenzi, nilikuwa naangalia tu."

"Ulikuwa unaua tu! Si ungesema hunitaki? Mdomo wote ule, likashindikana neno moja: nenda?"

"Sitaki uende!"

"Unasema leo? Mche umeshakufa ndiyo unasema?"

Nesi akatoka mbio, fundi akabaki akiokota utepe. Na nesi, akivuka barabara huku akilia, alijua vizuri mikono yake yenyewe ilikuwa wapi jana mchana. Lakini mtu akiumia hatafuti haki, hutafuta wa kumlaumu. Kesho yake akakubali uhamisho. Fundi alipiga simu, ikaita, ikaita, ikakatika. Yeye aliyewatoa wote waliokwama, akakwama, na hakuna kengele ya kubonyeza.

Darasa la mwisho walisimama kwenye meza ileile, katikati yao nafasi ya kupita ng'ombe. Bibi Mkasi akaokota maiti ya mche wao, akageuza utepe uliokuwa umebaki, akavaa miwani.

"Huu umefunguliwa na watu wawili," alisema. "Hapa mtu amekaza kama anafunga waya. Hapa chini mwingine amekunja ncha, kama anayefunga kidonda cha mtoto." Akawatazama juu ya miwani. "Mmoja angeweza kusamehewa. Wawili, hata muhogo usingepona."

Darasa likaangua kicheko. Fundi akageuka polepole. Nesi alikuwa ameficha uso kwa viganja.

"Na wewe?" aliuliza fundi.

"Kila mchana," alijibu ndani ya viganja. "Niliogopa."

"Hata mimi."

"Nimeshakubali, Fundi. Haurudishiki tena." Machozi na kicheko vilimtoka pamoja, akawa hajui kipi akifute kwanza.

Fundi akausogeza kando mche uliokufa. Akachukua mche mwingine wa limau, akampa ashike. Akakata. Safari hii kabari ilitoka safi, wakafunga kwa mikono minne, huku Bibi Mkasi akijifanya anatafuta kofia iliyokuwa kichwani mwake.

Siku ya safari fundi aliomba ruhusa, na saa ileile lifti ya jengo la benki ikakwama na watu ndani. Simu ilimkuta amekaa juu ya kile chumba cha lifti, gizani, kurunzi kwapani.

"Basi limeondoka," sauti ya nesi ilisema. "Mche nimeupakata. Nilikungoja hadi kondakta akanionea huruma."

"Nisamehe, roho yangu. Nipo juu ya vichwa vya watu."

"Fundi!" waligonga kutoka chini. "Tupo humu!"

"Vumilieni jamani, hata mimi nimekwama!" Kisha taratibu: "Sikia. Ukishika, nakuja kukuposa."

Kelele za injini. "Na usiposhika?"

"Nakuja hivyo hivyo. Ilinipasa niseme hivyo siku ile kwenye benchi."

Nesi alilia bila kujificha, na abiria wa pembeni akajifanya anasoma dirisha. "Hujui lini utapata likizo. Mimi sijui zamu zangu. Hatujui chochote."

"Hatujui. Utepe umefungua?"

"Sijafungua. Mikono yote nimeikalia."

"Na simu umeishika kwa mkono upi?"

Akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Kwa mmoja."

"Basi mpenzi," fundi alisema, akifuta macho kwa mkono wa grisi, "huo mwingine ukalie vizuri."